Foniksi ya Kiingereza kwa mtoto anayeongea Kiswahili, inamjenga au inamchanganya?

Mwanzisha mada, Nkuhungu

Wadau habari za jioni. Nina binti wa miaka sita yuko ingilishi midiamu moja hapa hapa Dodoma mjini, jina la shule sitaji maana ada yenyewe sijamaliza hahaha. Juzi nikamwambia mwanangu hebu niandikie vitu vya jikoni kwa Kiswahili, akaleta daftari limeandikwa "cuku", "samakee", "majee". Nikacheka weee, halafu nikamuuliza mbona kuku umeanza na c, akanijibu kwa kujiamini kabisa, "baba, c inasema k".

Sasa msinielewe vibaya, sipingi foniksi, yaani kumfundisha mtoto kusoma kwa sauti za herufi badala ya majina yake. Sisi tulisoma ba be bi bo bu kwa kuimba kama kwaya ya kanisani, kuna wenzangu walikuwa wanaimba ubao mzima huku wanaangalia dirishani, ukimwonyesha bo peke yake hajui ni kitu gani. Foniksi inamlazimisha mtoto avunje neno, k-u-k-u, asikie kila sauti, hilo halina ubishi. Shida yangu ni wapi tunaanzia. Shuleni kwake wanaanza na s, a, t, p, i, n kwa sababu kwa Kiingereza hizo sita tu zinakupa sat, pin, tap, nip, mtoto anasoma maneno mazima mapema. Kwetu neno gani la nyumbani linaishia na t? Na a yao siyo a yetu, i yao siyo i yetu. Wao wana herufi 26 na sauti kama 44, lazima herufi zibebane ndo maana ee inakuwa i. Sisi irabu tano, zimetulia, ukisikia ndivyo unavyoandika. Mimi nasema mtoto ashike kwanza Kiswahili kwa sauti, Kiingereza kifuate. Mnasemaje?

Mama wawili, Ilazo

Baba pole lakini hapo unalia na mtoto aliyefaulu. Cuku ina sauti zote nne, hajaruka hata moja! Mtoto aliyekariri asingeweza kuandika neno ambalo hajaonyeshwa ubaoni. Kwangu mkubwa alikuwa anaandika "neeneh" yaani nini, alivyofika la pili imeisha yenyewe sikumpeleka hata tuisheni. Na Uingereza kwenyewe tangu 2012 watoto wa darasa la kwanza wanapimwa hivyo hivyo, wanapewa maneno 40 wasome na 20 kati yake ni ya uongo kabisa hayana maana, makusudi, waone kama mtoto anasoma sauti au anakisia. Tulieni.

Mwalimu la kwanza, Chamwino

Nafundisha shule ya serikali, naomba niseme kidogo. Hii ya sauti siyo ya ingilishi midiamu peke yao, mtaala wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wa 2015 ulitutaka tufundishe sauti ya herufi na siyo jina lake, na kwa Kiswahili inafanya kazi vizuri mno. Mtoto aliyefundishwa nyumbani kwamba b inaitwa "be" aliwahi kuniandikia "bba", nikakaa naye, kumbe ni beba. Kwake hakukosea, be imo ndani ya b!

Ila mwanzisha mada hapo kwenye "ukisikia ndivyo unavyoandika" nakukatalia. Njoo darasani kwangu siku ya imla. Nasema kulala, napata kurara. Nasema dhahabu, napata zahabu, thamani inakuwa samani. Ng'ombe inakosa kile kialama chake. Wengi hawa nyumbani ni Kigogo, Kiswahili wanakutana nacho kwangu, na hata wazazi wa mjini wangapi wanatamka dh? Mtoto anaandika kwa uaminifu kile mdomo unachosema. Sauti hapo haimsaidii, inabidi alione neno limeandikwa mara nyingi, na vitabu vyenyewe wanagawana watatu watatu. Wanaouza foniksi kama dawa ya kila kitu hii sehemu wanairuka.

Mdau, Area C

Wote mmesoma ba be bi bo bu na mnaandika humu bila shida. Watoto waachwe wacheze.

Mwanzisha mada

Mdau wa Area C, wewe tunakusoma kwa sababu uliponea, wale waliobaki wanaimba dirishani hawapo humu kuchangia.

Mwalimu asante, kwenye dhahabu umenikamata, mimi mwenyewe natamka zahabu. Nilikuwa natazama irabu tu.

Mama wa Ilazo, hayo maneno 20 ya uongo nakubali ni kipimo kizuri, lakini yule wa Uingereza "pin" analijua kabla hajaingia darasani, akilisoma kuna kitu kinawaka kichwani, anajua kapatia. Binti yangu wakati anaanza, yote 40 kwake ni ya uongo. Atajisahihisha kwa kutumia nini? Ndo maana nasema kuku kwanza, pin baadaye, sijabadilika hapo.

Halafu jana nimejaribu ualimu. Nikamwambia binti yangu, mama, kwa Kiswahili c haitembei bila h. Akafikiria, akachukua raba akafuta vizuri, akaandika "chuku".