Mfanyakazi asiyejiongeza: ni hulka yake, au kazi haikumkaa?

Wakuu, heshima kwenu. Kuna kauli mabosi wanairudia sana, serikalini na sekta binafsi: "Hawa hawajiongezi mpaka uwasukume." Yaani kujiongeza ni tabia, unayo au huna. Mimi napinga.

Sikatai kwamba hulka ipo. Mwaka 1993 watafiti wawili, Bateman na Crant, huko Marekani, walitoa dodoso lenye hoja 17 la kupima jinsi mtu anavyopenda kubadili mambo yanayomzunguka badala ya kuyasubiri. Tatizo ni kudhani hulka inatosha.

Kumbukeni walimu wa ziada wa masomo ya sanaa hapa Tanzania waliohamishwa kutoka sekondari kwenda shule za msingi, miaka ile ya 2017 na 2018. Mmoja namfahamu vizuri. Alipokuwa anafundisha Historia kidato cha tatu hakusubiri kuambiwa: alianzisha midahalo, akakusanya mitihani ya taifa ya nyuma, jioni anabaki na wanafunzi. Akapelekwa darasa la kwanza, akafundishe kusoma, kuandika na kuhesabu, na hakuwahi kusomea namna ya kumshikisha penseli mtoto wa miaka sita. Siku hizi anasaini, anamaliza vipindi, anaondoka. Wanamwita mvivu. Huyohuyo ana duka la madaftari, anapokea oda kwa WhatsApp na kupeleka kata nzima! Kujiongeza hakujamtoka, kumehamia dukani.

Darasa la jirani yupo mama mmoja mpole, kikaoni humsikii. Amesomea kufundisha wadogo na anaipenda kazi hiyo. Visoda amevitoboa mwenyewe, akavitunga kumi kumi kwenye kamba ili watoto wahesabu. Herufi amezikata kwenye maboksi. Hakuna aliyemwagiza. Mngempima kwa uchangamfu kwenye usaili, mngemwacha.

Mtasema mwenye hulka hujiongeza popote. Wapo, nakubali, wanaoigeuza kazi mpaka iwatoshe, hasa wakiwa na mkuu anayesikiliza. Lakini pale ambapo kila wazo lazima lianze na barua na kungoja kibali, wangapi wanadumu mwaka wa pili?

Maafisa utumishi mliomo humu, nawaomba mjibu: mnapompangia mtu kituo au kitengo, kuna anayemuuliza ni kazi gani anaimudu na kuipenda, au mnajaza ikama tu, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa?