Tupeane uzoefu: mazoezi yaliyokufaa kwa maumivu ya pingili za shingo zilizochakaa

Fundi wa milango, Lamu mjini (mfungua mada)

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimechonga milango hapa Lamu kwa zaidi ya miaka 30, na nafungua mada hii kwa sababu naamini kuwa maradhi ninayotaka kuyazungumzia, yaani kuchakaa kwa pingili (mifupa) za shingo, yamo katika nyumba nyingi za kisiwa hiki bila ya kutajwa kwa jina lake. Mimi mwenyewe kwa miaka miwili niliyaita shingo kukaza, nikajipaka dawa ya kuchua na kurudi kwenye patasi. Kilichonishtua ni swala. Alfajiri moja, nilipotaka kutoa salamu upande wa kulia, shingo ilikataa kugeuka, nikalazimika kugeuza mabega na kiwiliwili kizima kama mtu aliyefungwa ubao mgongoni.

Picha ya eksirei ilionyesha kuwa nafasi iliyo kati ya pingili ya 5 na ya 6, na ile iliyo kati ya 6 na 7, zimepungua, na pembeni mwa mifupa pameota vinundu vidogo. Daktari alinieleza kuwa shingo ina pingili 7, kwamba visahani laini vilivyo kati yake hupungukiwa na maji kadiri umri unavyokwenda, na kwamba mabadiliko kama yangu huonekana kwa wengi wa waliovuka miaka 60, wakiwemo wasiohisi maumivu yoyote. Mimi nina miaka 54. Hakuna zoezi litakalorudisha kisahani kilichochakaa. Zoezi hurudisha nguvu za misuli inayokibeba kichwa, ambacho peke yake kina uzito wa kama kilo 5, na hupunguza ule ukakamavu unaoifanya kila hatua ya kuinama iwe adhabu.

Zoezi lililonifaa kuliko yote ni la kurudisha kidevu nyuma. Naketi kwenye baraza, mgongo umeegemea ukuta, macho yanatazama mbele. Kisha nakivuta kidevu nyuma kwa usawa, bila ya kuinama wala kuinua uso, kana kwamba nataka kukificha ndani ya ukosi wa kanzu, mpaka nihisi kisogo kinanyooka. Nashikilia kwa sekunde 5, naachia, na kurudia mara 10. Mwanzoni nilikosea kwa kuinamisha kichwa, na mke wangu ndiye aliyekuwa akinisimamia ubavuni na kunirekebisha. Nafanya hivyo mara tatu kwa siku, na wiki nne za mwanzo sikuona tofauti ya maana. Wiki ya sita ndipo nilipogundua kuwa nimemaliza siku nzima ya kazi bila ya kujishika shingo.

Hata hivyo, sitawaficha kwamba mazoezi peke yake hayakutosha. Nilikuwa nikiuweka ubao chini na kuuinamia saa nne mfululizo. Sasa nauegemeza kwenye farasi za seremala ukiwa umeinuka upande wa juu, ili kazi inifuate machoni, na kila nusu saa naweka nyundo chini na kusimama.

Aliyefanya mazoezi yakamfaa, naomba atueleze ni yapi na kwa muda gani. Aliyefanya yakamdhuru, naye tafadhali asinyamaze.

Mshona kofia, Langoni

Waalaykum salaam, fundi. Umenigusa, kwa kuwa mimi nashona kofia za mkono, na kila anayeijua kazi hii anajua kuwa macho hayawezi kutoka kwenye kitobo hata kidogo. Kofia moja huweza kunichukua miezi, na miezi hiyo yote kidevu changu kilikuwa kimelala kifuani. Jioni naketi tena juu ya mbuzi kukuna nazi, kichwa chini vilevile. Maumivu yangu yalianzia kisogoni, yakapanda mpaka nyuma ya macho, nikawa nadhani nahitaji miwani mipya.

Kwangu kidevu pekee hakikusaidia sana. Mabega ndiyo yaliyoleta nafuu. Nilifundishwa kuyavuta mabapa ya mabega nyuma na chini, kana kwamba nataka kubana kitu katikati yake, nikashikilia sekunde 5 na kurudia mara 10, bila ya kuyapandisha mabega masikioni. Kisha najinyoosha ubavuni: nakaa juu ya kiganja cha kulia ili bega lisipande, nalaza kichwa taratibu upande wa kushoto mpaka nihisi mvuto, nahesabu hadi 20, halafu nabadilisha. Mvuto tu, si maumivu. Na kofia sasa naishona juu ya mito miwili iliyo mapajani, ipande ikutane na macho yangu. Nazi nimemwachia binti yangu, naye nimemkataza kukaa kwenye mbuzi muda mrefu bila ya kupumzika.

Mjenzi wa majahazi, Matondoni

Nyinyi wenzangu mnaumia kwa kuinama, mimi naumia kwa kutazama juu. Kukalafati jahazi ni kazi ya kulala au kuchutama chini ya ubavu wa chombo, kichwa kimerudi nyuma, mkono mmoja umeshika patasi ya kusukumia pamba na mwingine nyundo, na mtu hukaa hivyo asubuhi nzima kwa sababu upenyo ukiachwa nusu chombo kitaingiza maji. Mimi maumivu hayakubaki shingoni. Yaliteremka bega la kushoto, yakapita mkono, yakaishia kwenye kidole gumba na cha shahada, ambavyo vilikuwa na ganzi kila nikiamka.

Niligundua jambo moja kwa bahati, usiku ambao sikupata usingizi: nikikiweka kiganja cha mkono unaouma juu ya utosi, maumivu hupungua ndani ya dakika chache. Nililala hivyo usiku mwingi kabla ya kumwona mtaalamu.

Fundi wa milango aliomba tueleze na madhara. Nilipoanza kuvuta kidevu nyuma kama unavyoeleza, mkono uliwaka moto zaidi, kwa kuwa nilikuwa nikikivuta kwa nguvu zangu zote na kuinua uso kidogo. Nilifundishwa kipimo ambacho nakifuata mpaka leo. Zoezi likiyatoa maumivu mkononi na kuyarudisha karibu na shingo, hata kama shingo yenyewe itauma kidogo, niendelee. Likiyasukuma kuelekea vidoleni, niache mara moja. Nilianza upya kwa kuvuta nusu tu, nikiwa nimelala chali. Ganzi ya kidole cha shahada ilikwisha baada ya miezi mitatu, na ya gumba bado imebaki kidogo. Kazi za juu tunapokezana na vijana, robo saa kila mmoja.

Mtaalamu wa fiziotherapia, Malindi

Mimi ni mzaliwa wa Lamu na nafanya kazi Malindi, na nimeyasoma maelezo yenu kwa furaha kubwa. Ndugu yetu wa Matondoni ametoa maelezo sahihi kabisa. Kichwa kikirudi nyuma, matundu ambayo mishipa ya fahamu hutokea huwa membamba zaidi, na ganzi ya gumba na kidole cha shahada mara nyingi huelekeza kwenye mshipa unaotoka kati ya pingili ya 5 na ya 6. Mkono juu ya utosi huulegeza mshipa huo.

Naongeza zoezi moja ambalo naona limesahauliwa, nalo ni la kusukuma bila ya kusogea. Weka kiganja kwenye paji la uso, sukuma kichwa mbele huku kiganja kikikizuia, pasiwe na mwendo wowote. Tumia kama robo tu ya nguvu zako, hesabu hadi 5, uendelee kupumua. Kisha fanya hivyo kisogoni na pande zote mbili, mara 5 kila upande. Linafaa hasa kwa mtu ambaye shingo inauma akiigeuza, kwa kuwa misuli inafanya kazi ilhali viungo vimetulia. Kabla ya kuanza, kitambaa kilichochovywa maji ya moto na kukamuliwa, kikawekwa shingoni kwa dakika 15, hulegeza misuli vizuri. Angalieni tu kisiunguze ngozi.

Kuna desturi mbili ambazo nawasihi muziache. Ya kwanza ni kuzungusha kichwa duara zima kama tulivyofundishwa shuleni kwenye mazoezi ya viungo. Geuzeni kulia, rudini katikati, kisha kushoto. Ya pili ni kumwachia mtu aikamate shingo na kuizungusha kwa ghafla mpaka ialike. Mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo hupita ndani ya pingili hizo, na msokoto wa ghafla unaweza kuichana.

Binti wa nahodha

Nimeomba idhini ya baba kabla ya kuandika haya. Alikuwa na umri wa miaka 67, na alifanya mazoezi ya shingo kwa bidii kuliko yeyote aliyeandika hapa, tena kila siku. Mkandaji mmoja aliwahi kuialisha shingo yake mara mbili, na baada ya ile ya pili alilala siku tatu. Lakini tatizo halisi lilikuwa limeanza kabla, nasi hatukulitambua, kwa sababu halikuwa na maumivu. Alianza kushindwa kufunga kifungo cha juu cha kanzu. Tasbihi ikawa inamponyoka, kisha kikombe cha kahawa. Yeye aliyeruka kutoka mashuani hadi ngazi za gati tangu utoto akawa anakanyaga kwa kusitasita, kama mtu anayetembea juu ya magodoro, na alipoinamisha kichwa alihisi kitu kama umeme kikishuka mgongoni hadi miguuni. Sote tulisema ni uzee.

Tulivuka hadi Mokowe, tukapanda basi la Mombasa, na huko kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, kilionyesha kuwa uti wenyewe wa fahamu unaopita ndani ya pingili, si mshipa wa pembeni, umebanwa. Daktari alitwambia kwa upole kwamba hali hiyo haitibiwi kwa mazoezi, na kwamba upasuaji hufanywa hasa ili kuzuia isizidi. Alifanyiwa. Leo anatembea peke yake mpaka msikitini na anashika kikombe, ila vifungo bado namfungia mimi. Kwa hiyo nawaomba, kila mwenye mzazi aliye na shingo mbovu amtazame mikono anapovaa na miguu anapopanda ngazi. Haja ndogo au kubwa ikianza kumtoka bila ya kujua, asisubiri boti ya kesho.

Mkazi wa Shela

Mimi sina hadithi ndefu. Nililalia mto wa sufi ulioshindiliwa, mgumu na mrefu, tangu nilipooa. Nilitoa karibu nusu ya sufi, mto ukawa unajaza tu nafasi kati ya shingo na godoro, na ukakamavu wa asubuhi ukapungua ndani ya wiki mbili. Je, kubeba mzigo kichwani kuna madhara? Mama yangu bado anabeba.

Fundi wa milango, Lamu mjini

Shukrani kwenu nyote, na salamu maalumu kwa nahodha. Bi mkubwa wa Shela, kama tayari ana maumivu ya shingo, ni bora mzigo uhamie kwa punda au ugawanywe mikononi, kwa kuwa uzito wa kichwani hukandamiza visahani vilevile vilivyochoka. Nami niliambiwa hivyo nilipouliza kuhusu kubeba mbao. Kuhusu kusukuma bila ya kusogea, nimelianza tangu juzi kwa nguvu ndogo kama ulivyoelekeza, mtaalamu. Salamu ya kulia sasa naitoa mpaka kidevu kinakaribia bega. Ya kushoto bado inasimama njiani.