Ombi langu la kuingiza mabadiliko (PR) limekaa bila kupitiwa kwenye mradi huria, nifanyeje?

Kijana wa Sinza: Wakuu, habari za jioni. Kuna programu huria ya stoo na mauzo ninayowafungia wateja wangu wa Kariakoo. Nikagundua inakosea kukokotoa VAT pale bei inapokuwa na kodi ndani yake. Nimerekebisha, na faili lenyewe nikalipanga upya lote maana lilikuwa halisomeki, nikatuma PR GitHub, mtandao ambako msimbo wa mradi umewekwa. Kimya. Waliotuma baada yangu wanapokelewa. Ni kwa kuwa sijulikani? Niwafuate wasimamizi wa mradi inbox? Nawasilisha.

Mzee wa Mbagala: Wafuate inbox uone cha moto. Wengi wao hawalipwi hata shilingi, mkuu.

Fundi Mtandao: Tusianze na kujulikana. Umesema faili umelipanga upya lote. Msimamizi akifungua anakuta nyekundu (mistari iliyofutwa) na kijani (iliyoongezwa) ukurasa mzima, wakati dawa ya VAT pengine ni mistari mitatu. Anasema atarudi baadaye. Harudi. Bakiza VAT peke yake na uandike jaribio, yaani msimbo mdogo wa kuhakiki hesabu: bei 11,800 yenye kodi ya 18% ndani itoe 10,000 na kodi 1,800. Jaribio hilo lifeli kwenye msimbo wa zamani, lipite kwenye wako. Akiliona hilo hana haja ya kukuamini wewe. Jingine: kwa mchangiaji mpya, GitHub kwa kawaida haiendeshi majaribio ya otomatiki mpaka msimamizi aruhusu. Angalia, huenda yako hayajawahi kuendeshwa.

Dada Data: Mie nafuatilia PostgreSQL, programu huria ya hifadhidata. Kule ukituma kiraka (marekebisho ya msimbo) unatarajiwa nawe upitie cha mwenzako chenye ugumu unaolingana na chako. Fanya hivyo hata kama mradi wako haudai. Wanaopitia ni wachache kila mahali, na foleni haipungui kwa kusubiri.

Kijana wa Sinza: Dada, sina mamlaka ya kuidhinisha. Nipitie nini sasa?

Dada Data: Huhitaji mamlaka. Shusha PR ya mtu, iendeshe, andika umetumia data gani na imetoa nini. Wewe una maduka ya Kariakoo, data kama hiyo wao wataitoa wapi?

Mzee wa Mbagala: Hapo sawa. Na kukumbushia kupo, ila kwa adabu. Mwongozo wa kernel (kiini) ya mfumo wa Linux unataka usubiri angalau wiki moja. Tazama git log (historia ya mabadiliko) ya faili hilo, aliyeligusa karibuni mtaje ndani ya PR, mbele za watu.

Kijana wa Sinza: Naigawa usiku huu bando likiruhusu. Hii ya zamani niifunge nifungue mpya?

Fundi Mtandao: Usiifunge. Sukuma mabadiliko kwenye tawi lilelile (nakala ya msimbo uliyotumia kutuma PR hii), ubadilishe kichwa na maelezo. Ya kupanga faili ifungulie yake hii ikishaingia, na uwaulize kwanza kama wanaitaka.