Mizani zetu za mwaloni zinasoma flashi ya mtu yeyote, na mkandarasi anatuambia tusichomeke flashi

Ndugu wadau, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Katika banda tunalopokelea samaki mwaloni, yaani ufukweni wavuvi wanaposhushia samaki, hapa Kirumba, Mwanza, tuna mizani sita za kielektroniki ambazo mkandarasi mmoja alitufungia mwanzoni mwa mwaka. Kila mizani ina kompyuta ndogo isiyo na mfumo endeshi wowote: ukiiwasha, fimwea ya UEFI (programu ya msingi iliyomo ndani ya kompyuta yenyewe, inayoiamsha) inapakia programu moja tu kutoka kwenye diski ya ndani, nayo programu hiyo inapokea uzito, inausahihisha kwa namba zilizomo katika faili linaloitwa VIPIMO.DAT, kisha inauonyesha kwenye kioo. Wazo lenyewe nililipenda na bado nalipenda, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi, mizani huwa tayari kabla mchuuzi hajamaliza kupanga ndoo zake. Tatizo ni namna programu hiyo inavyolifungua faili hilo moja.

Mwezi uliopita mama mmoja anayeleta mabondo (vibofu vya hewa) ya sangara kutoka Ukerewe aliniita pembeni akaniambia, "Mwanangu, mizani yako inaniibia." Mabondo hupimwa kwa gramu na bei yake si ya dagaa, kwa hiyo sikumjibu neno, nilichukua jiwe la kilo moja nikaliweka juu ya mizani mbele yake. Ilisoma gramu 960. Nikaizima, nikachomoa flashi ya karani iliyokuwa imesahaulika ubavuni mwa kompyuta, nikaiwasha tena, nayo ikasoma gramu 1,000 kamili. Nilipoichomeka flashi ile tena na kuiwasha upya, gramu 40 zilipotea mbele ya macho yetu sote wawili. Ndani ya flashi mlikuwa na nakala ya zamani ya VIPIMO.DAT ambayo karani alibaki nayo tangu siku tulizofundishwa kutumia mizani.

Ilinichukua wiki tatu za kupiga simu mpaka nikapewa msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe, ambao kwa mujibu wa mkataba ulikuwa wetu tangu siku ya makabidhiano. Nilipoufungua nilielewa kila kitu ndani ya nusu saa, na hasira yangu ilianzia hapo, kwa sababu kosa hili halihitaji ubingwa kulikwepa.

Katika UEFI, njia ya faili kama \VIPIMO.DAT ni nusu tu ya anwani. Inakueleza faili liko wapi ndani ya juzuu, yaani ndani ya kizigeu (sehemu ya diski) kimoja chenye mfumo wa mafaili wa FAT, lakini haikuelezi ni juzuu gani. Nusu ya kwanza ni kifaa chenyewe, ambacho fimwea hukitambua kwa kishikio chake (alama ambayo programu hutumia kukirejelea) na kwa njia ya kifaa inayotaja mlango wa PCI, diski iliyounganishwa hapo, na kizigeu pamoja na alama yake ya kipekee. Fanksheni ya Open, ambayo programu huiita ili kufungua faili, haipokei nusu hiyo ya kwanza. Inaanzia kwenye folda uliyoipa, na ukiipa mzizi (folda ya juu kabisa) wa juzuu isiyo sahihi, itakufungulia kwa utiifu kabisa faili la juzuu isiyo sahihi.

Mkandarasi wetu aliupataje mzizi huo? Aliita LocateProtocol akiomba protokali (seti ya fanksheni ambazo fimwea huipa programu) ya mfumo rahisi wa mafaili. Wito huo hurudisha protokali ya kwanza ya aina hiyo ambayo fimwea inaikuta katika orodha yake, basi. Mezani kwake, ambapo bila shaka kulikuwa na diski moja na hakuna flashi, ya kwanza ilikuwa pia ya pekee, na programu ilifanya kazi. Mwaloni, ambako makarani huchukua ripoti za jioni kwa flashi (na yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha kuzichukua hivyo), ya kwanza huweza kuwa ya flashi, na ndivyo ilivyokuwa kwetu.

Njia sahihi ina hatua nne na haijawahi kuwa siri. Waraka rasmi wa UEFI hupakuliwa bure na mtu yeyote. Programu yoyote inapoanza hupewa kishikio chake yenyewe. Kwa kishikio hicho unaomba protokali ya LoadedImage, na ndani yake kuna sehemu inayoitwa DeviceHandle, ambayo ni kishikio cha kifaa kilekile ambacho programu imepakiwa kutoka kwake. Kwa kifaa hicho unaomba mfumo wa mafaili, unaita OpenVolume upate mzizi wa juzuu hiyo, ndipo unapoita Open kwa njia yako. Hata zikichomekwa flashi kumi, programu iliyotoka diski ya ndani itasoma faili la diski ya ndani.

Kosa la pili liliniuma zaidi kwa sababu lilikuwa limejificha. Katika mizani ya nne kulikuwa na flashi yenye nyimbo tu, haikuwa na faili letu, na kwa akili ya kawaida programu ingepaswa kugoma na kuonyesha kosa. Haikugoma. Mkandarasi alikuwa amefungua faili la kusomwa tu kwa kuweka bendera tatu, yaani alama zinazoiambia Open faili lifunguliwe kwa kazi gani: ya kusoma, ya kuandika na ya kuunda. Maana ya bendera ya kuunda ni kwamba faili lisipokuwepo, linaundwa. Kwa hiyo badala ya kurudishiwa EFI_NOT_FOUND, yaani kosa la faili kutopatikana, programu iliunda VIPIMO.DAT tupu ndani ya flashi ya nyimbo, ikasoma baiti sifuri, ikaambiwa usomaji umefanikiwa, kisha ikatumia namba za kiwandani zilizoandikwa ndani ya msimbo. Faili hilo la baiti sifuri nimelikuta kwenye flashi ile na ninalo kama ushahidi. Hakuna mstari hata mmoja unaolinganisha idadi ya baiti zilizosomwa na zile zilizotarajiwa.

Nilimpigia simu nikamweleza haya yote kwa utulivu. Jibu lake la kwanza lilikuwa, "Ndugu fundi, waambieni makarani wasichomeke flashi." Nilipokataa, akaahidi kubadilisha njia iwe fs1:\VIPIMO.DAT. Jibu hili la pili ndilo lililonifanya niandike hapa, maana linaonyesha kwamba aliyeuza mizani hizi haelewi alichokiuza. Majina ya fs0: na fs1: hutolewa na Sheli ya UEFI (programu ya kuandikia amri) inapoorodhesha vifaa ilivyovikuta, na yanaweza kubadilika kulingana na kilichochomekwa. Open ya mfumo wa mafaili haiyajui majina hayo hata kidogo, na mizani zetu hazina Sheli. Angetuletea programu isiyofungua faili lolote, halafu, kwa namna alivyoiandika, ingeendelea kupima kwa namba za kiwandani bila kumwambia mtu.

Kuna mdau atakayesema tungeijaribu vizuri kabla ya kuipokea. Tuliijaribu kwa mawe ya kupimia, siku mbili, mizani zote sita, na zote zilisoma sawa, kwa sababu siku hizo hakuna aliyekuwa na ripoti ya kuchukua. Siwezi kukubali kwamba mvuvi aliyekesha ziwani ndiye alipe gharama ya jaribio ambalo mwandishi wa programu hakulifikiria.

Ninachodai ni hiki. Mkandarasi aandike upya sehemu ya kufungua faili kwa kupitia DeviceHandle, afungue kwa bendera ya kusoma peke yake, na programu ikatae kupima pale Open inaporudisha kosa lolote au baiti zinapopungua. Alete marekebisho hayo yeye mwenyewe, kwa gharama yake, tuyajaribu pamoja flashi zikiwa zimechomekwa. Pia akae na uongozi wa banda wapitie daftari za siku zote ambazo mizani hizo mbili zilitumika zikiwa na flashi, ili waliopunjwa walipwe tofauti.

Wenzetu wa Musoma, Bukoba na Sengerema mlio na mizani zinazowaka bila mfumo endeshi, nawaomba mjaribu leo kabla ya kufungua kesho. Chukueni flashi tupu yenye FAT32, ichomekeni mizani ikiwa imezimwa, iwasheni, pimeni jiwe mnalolijua uzito wake, kisha ichomoeni mkaitazame kwenye kompyuta nyingine. Mkikuta faili ambalo hamkuliweka, au jiwe likisoma tofauti na linavyosoma bila flashi, acheni kupima kwa mizani hiyo na mniandikie hapa jina la faili na ukubwa wake.