Fundi wa tovuti kasasisha moja kwa moja kwenye tovuti hai, bakapu haina hifadhidata. Huu ni uhuni!

Wadau, nina hasira, nivumilieni.

Mimi ni karani wa shule ya sekondari hapa Jinja. Matokeo ya S.4 (kidato cha nne) yametoka, wazazi wanahangaikia nafasi za S.5, simu ya ofisi haipumui. Kipindi hichohicho fundi wetu wa tovuti, yuko Kampala, anaamua kutuhamisha kutoka Joomla 3 kwenda Joomla 5 (Joomla ndiyo programu inayoendesha tovuti yetu). Mchana kweupe! Tena kwenye tovuti ileile wanayopakulia fomu. Kufumba na kufumbua, ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa kosa. Mzazi mmoja alipanda boda kutoka Bugembe kuja kuuliza kama shule imefungwa.

Sibishi kwamba ilibidi tuhame. Joomla 3 iliachwa kuhudumiwa Agosti 2023, na kukaa bila viraka vya usalama ni kuwaita wadukuzi. Lakini maelekezo yapo, hata mimi nisiyeandika kodi nimeyasoma: unafika kwanza 3.10, unaendesha ukaguzi wa kabla ya kusasisha, unaonyeshwa plagini (programu ndogo za nyongeza) zipi zina mashaka. Ndipo unakwenda 4, unaifikisha 4.4, halafu 5. Kuruka hakuna. Na hiyo 5 inadai PHP, lugha ya kodi inayoiendesha Joomla kwenye seva, toleo la 8.1 kwenda juu. Plagini yetu ya fomu ni ya zama za Joomla 3 na aliyeiunda alishaitelekeza. Si angetengeneza kopi kwenye sabudomeni (anwani ya pembeni ya tovuti yetu), aivunjevunje huko anavyotaka, sisi tuendelee na kazi?

Sasa ngojeni niwaambie ya bakapu. Namuuliza, "Bwana, bakapu iko wapi?" Ananijibu, "Ipo, tulia madam."

Tukaifungua. Zipu ya mafaili: picha za siku ya michezo, templeti, nembo ya shule. Faili la hifadhidata halimo! Makala, menyu, akaunti, majina ya waombaji na namba za simu za wazazi wao, vyote hukaa kwenye hifadhidata ya MySQL, siyo kwenye hayo mafolda. Kabeba fremu, picha kaiacha ukutani. Na zipu yenyewe kaiweka kwenye folda la wazi, seva ileile. Anayebahatisha jina lake anaipakua, na ndani yake kuna configuration.php yenye nywila ya hifadhidata. Uganda tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu 2019. Nani atakwenda kujieleza, yeye au mwalimu mkuu?

Bado ana ujasiri wa kututumia ujumbe akidai salio lake kwa Mobile Money. Eti kosa ni la wenye seva. Wenye seva ndio waliobonyeza?

Hapati hata shilingi. Wenye seva wanasema huenda wana kopi yao ya usiku, tunasubiri. Kwa sasa, mwenye uzoefu wa kuvuta kurasa za zamani kutoka Wayback Machine (hazina ya mtandaoni ya nakala za tovuti) aje inboksi, tutaelewana malipo. Na mkinipendekezea fundi, awe yule atakayeanza kwa kuirudisha bakapu kwenye kopi mbele ya macho yangu, nione inafunguka na makala yamo. Hao wa "tulia madam" bakini nao.