Kadi ya kliniki imeliwa na mchwa, nitathibitishaje kinga ya surua?

Binti_Ujiji: Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo. Nimezaliwa 1996, niko Mwanga hapa Kigoma mjini. Nimepata nafasi ya kusoma Marekani, chuo kinadai uthibitisho wa kinga ya surua. Kadi yangu ilikuwa kwenye sanduku la bibi Kasulu, mchwa wamebakiza jalada tu. Mama anaapa nilichanjwa, na kovu begani ninalo. Anasema pia niliwahi kutoka vipele mwili mzima. Yanatosha hayo?

Mgebuka_Mkavu: Kovu la begani ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu, halihusiani na surua. Hongera lakini, usitusahau huko.

Mzee_Kibirizi: Surua ni ya watoto, mwanangu. Vipele ulishatoka, imekwisha hiyo.

Nesi_wa_Zamu: Shikamoo mzee wangu, hapo nakupinga kwa heshima. Mtu mzima asiye na kinga anaugua, tena vibaya. Aliyeugua surua yenyewe hupata kinga ya maisha, ila vipele vya utotoni vyaweza kuwa tetekuwanga au rubella, nani alipima?

Mdogo wangu, hata hiyo kadi isikuumize kichwa. Enzi zako ratiba ilikuwa dozi moja, miezi 9. Ya pili, ya miezi 18, imeingia 2014, na kampeni ya mwaka ule ilikuwa ya walio chini ya miaka 15. Kule wanataka dozi 2, na iliyochomwa kabla ya mtoto kutimiza mwaka hawaihesabu.

Kwa hiyo upime damu kuangalia kingamwili, IgG, au uchanjwe upya mara 2, zipishane siku 28. Kuchanjwa ukiwa tayari na kinga hakuna shida. Soma fomu vizuri: yetu ya serikali ni surua-rubella, wenzetu mara nyingi wanataka na matumbwitumbwi, yaani MMR. Hiyo ulizia hospitali zinazochanja wasafiri. Kama una mimba, usichome.

Binti_Ujiji: Khaa! Na bibi nilivyomnunia! Mimba sina. Nipime au nichome tu?

Nesi_wa_Zamu: Ningekuwa wewe ningechoma. Kipimo hicho hakipo kila maabara, na majibu yakija huna kinga, sindano iko palepale. Cheti kiwe na jina kama la pasipoti, tarehe zote 2 na muhuri.

Baba_Wawili: Nidandie uzi. Wangu ana miezi 20, ya miezi 18 ilimpita tukiwa shamba Uvinza. Nimechelewa?

Nesi_wa_Zamu: Hujachelewa, baba, mpeleke na kadi yake, ni bure. Ulizia siku ya chanjo kituoni kwenu na uwahi asubuhi. Chupa moja ina dozi za watoto kadhaa, ikishachanganywa haivuki masaa 6, inamwagwa. Ndiyo maana ukifika peke yako alasiri unaambiwa urudi kesho.

Mgebuka_Mkavu: Kumbe! Mke wangu alirudishwa hivyo hivyo, akaondoka anasonya.