Tupeane uzoefu: LG, Samsung au Sony, ipi ina picha kali na inafaa kwa PS5?

Mtoa mada
Wakuu, heshima kwenu. TV yangu ya sasa nikicheza gemu usiku, sehemu zote za giza zinakuwa kijivu kama ukungu wa Lushoto. Adui yuko pangoni, mimi naona moshi tu. Nimejichanga, nataka OLED, zile TV ambazo nyeusi inakuwa nyeusi kweli, ya inchi 55 nikae nayo miaka. Kariakoo kila duka linasifia iliyopo stoo kwake. Nimebaki na tatu: LG C4, Samsung S90D na Sony A80L. Kazi yake ni PS5, filamu usiku, na ligi yetu wikiendi. Naomba waliozitumia, sio waliozisoma.

Chuma cha Reli
Ngoja waje. Nimekaa pale.

Mzee wa Pedi
Kuna jambo muuzaji hatakwambia mpaka ufike nyumbani. LG C4 ina matundu manne ya HDMI, yote toleo la 2.1, linalopitisha 4K kwa Hz 120. S90D vilevile. Hiyo Sony ina mawili tu ya 2.1, la tatu na la nne, na hilo la tatu ndilo lenye eARC, yaani njia ya kupeleka sauti kwenye saundiba. Weka saundiba, weka PS5, yameisha. Siku ukiongeza Xbox unaanza maisha ya kuchomoa na kuchomeka nyuma ya TV iliyobanwa ukutani.

Binti Makorora
Ila Sony ukiwasha mpira wa king'amuzi ndipo unajua hela imeenda wapi. Ving'amuzi vyetu vingi havitoi 4K, TV ndiyo inabidi iipandishe picha, na kwenye hilo sijaona wa kumshinda Sony. Nyasi zinakuwa nyasi.

Mnyama Mkali
Samsung haina Dolby Vision, ule mfumo wa kupanga mwangaza na rangi za picha tukio kwa tukio, na haijawahi kuwa nayo. Kwa hela yote hiyo unakosa Dolby Vision? Mimi hapana.

Mzee wa Pedi
@Mnyama Mkali mtu kasema PS5. PS5 haitoi Dolby Vision kwenye gemu. Inayotoa ni Xbox Series X. Tusimtishe mwenzetu na kitu ambacho mashine yake haina.

Mnyama Mkali
Kasema na filamu pia. Soma uzi wote ndiyo ujibu, mzee.

Mzee wa Pedi
Filamu anatazama na HDR10+, mfumo mwingine wa kazi hiyo hiyo, maisha yanaendelea. Au hizo filamu unazotazama wewe za kuunganishiwa na flashi nazo zina Dolby Vision?

Chuma cha Reli
😂😂 imeanza.

Fundi Kioo
Mnagombania nembo. Kioo cha hiyo A80L kimetengenezwa na LG Display. A95L ya Sony kioo chake ni QD-OLED, aina ya OLED kutoka Samsung Display. Na S90C ya inchi 83 ilitoka na kioo cha LG Display humo ndani. Wao wanauziana, nyinyi mnatukanana. Kinachotofautiana zaidi ni akili ya ndani: namna inavyopanga rangi, mwendo na mwangaza.

Kingine, QD-OLED ikipigwa na mwanga wa sebuleni, nyeusi yake inapauka na kuvuta zambarau. Usiku haina mpinzani. Mchana mapazia wazi, utajiuliza kama ndiyo ile uliyoiona dukani.

Dada wa Dodoma
Nakazia hapo kwa @Fundi Kioo. Sebule yangu ni vioo ukuta mzima, nikachukua Mini LED ya Hisense, ile yenye vitaa vidogo vingi nyuma ya kioo. Mchana wa jua kali naona kila kitu. Pembeni ya maandishi meupe usiku kuna mwanga unavuja kidogo, siufanyi ugomvi.

Kijana wa Kwa Azizi Ally
Kwa hela hiyo si unapata kiwanja Chanika?

Mnyama Mkali
Kaanzishe uzi wa viwanja.

Banda la Soweto
Niko Mbeya, nina banda la PS. Mnazungumza picha, mnasahau kuchelewa. Mteja anabonyeza shuti, mchezaji anapiga baadaye, mteja anasema pedi mbovu, anadai hela yake. Pedi haina shida. TV inachakata picha kwanza ndiyo iioneshe. Ukiwasha gemu modi, uchakataji mwingi unazimwa na pedi inakuwa nyepesi. Haijalishi umenunua ya bei gani, usipowasha hiyo unacheza na mzimu.

Ila OLED bandani? Thubutu. Ubao wa magoli umekaa kona ile ile kutwa nzima, mwisho unajichora kiooni. Utauza banda ulipe kioo.

Shemeji wa Tabata
Nilikuwa napita tu, @Banda la Soweto amenitonesha kidonda.

OLED yangu inchi 65, kampuni siitaji. Ilikuwa malaika. Mama mkwe akaja Dar kwa matibabu ya macho, akafikia kwangu. Karibu mama, hapa ni kwako. Mama ni mtu wa habari. Akishaswali alfajiri anawasha chaneli moja, ile yenye mkanda mwekundu chini na nembo juu kulia, haibadilishi mpaka taarifa ya saa mbili usiku iishe. Mwangaza amemwambia kijana wa nyumbani aupandishe mpaka mwisho, si macho yanasumbua. Akimaliza, rimoti hagusi. Ananyanyuka taratibu, anazima soketi ukutani, anachomoa na waya kabisa. "Luku inaisha, mwanangu." Mimi narudi usiku nakuta nyumba imepoa, nasema kweli nimepata mkwe.

Amepona, amerudi Tanga, alhamdulillah. Jumamosi nikaita washikaji, nikawasha mpira. Uwanja wa kijani, mkanda umelala chini yake kama ulivyo. Beki wangu wa kushoto anakimbia ndani ya taarifa ya habari. Mshikaji mmoja akauliza, hii chini imeandikwa HABARI MPYA, ni mdhamini wa ligi? Nikamwambia ndiyo.

Fundi kasema kioo kipya bei yake inakaribia TV nyingine. Mke wangu anaamini ni umeme wa mtaani. Na jana mama kapiga simu, daktari kamwita kliniki ya marudio. Kauliza kama ile TV nzuri bado ipo.

Binti Makorora
Nimekaa chini. "Ni mdhamini wa ligi?" 😭😭😭

Chuma cha Reli
Beki anapanda na habari za kitaifa.

Mzee wa Pedi
Mwambie mkeo ukweli, yeye ndiye atamwambia mama yake.

Mnyama Mkali
Usithubutu! Kioo kinanunuliwa. Ukisema mama kaua TV, itafika kwenye kikao cha ukoo na wewe ndiye mwenye gubu.

Fundi Kioo
Pole sana @Shemeji wa Tabata. Kwa faida ya wengine: OLED haina taa nyuma. Kila kitone kinawaka chenyewe, na kila kinavyowaka ndivyo kinavyochakaa. Vitone vya ule mkanda vimefanya kazi kuliko wenzao, kwa mwangaza wa mwisho. TV hizi zina dawa yake ya ndani: ikishatumika jumla ya kama saa 4, ukiizima kwa rimoti inatulia kimya na kujisawazisha dakika chache. Lazima umeme uwepo. Sisi tumelelewa kuchomoa kila kitu, tunaikatisha kabla haijaanza. Ukiogopa radi chomoa, ila iache kwanza imalize.

Dada wa Dodoma
Ndiyo maana nikachukua Mini LED, mama yangu naye ni wa kuchomoa.

Mnyama Mkali
Mini LED nazo zina taa, taa zinakufa. Kila kitu kinakufa, dada.

Mtoa mada
Wakuu nashukuru, ila uzi wangu umetekwa. Hz 120, yaani picha 120 kwa sekunde, nitaziona kweli? Muuzaji mmoja kaniambia jicho la mtu haliwezi kuona zaidi ya fremu 30.

Banda la Soweto
Huyo muuzaji mlete bandani. Watoto wa darasa la tano wanajua 30 na 60 kabla hawajashika pedi.

Mzee wa Pedi
Jicho linaona. Swali ni gemu yako. Za mpira nyingi kwenye PS5 zinakwenda fremu 60, hapo 120 utakuwa umelipia akiba. Fortnite na Call of Duty zina 120, hapo tofauti ipo mkononi. Na VRR, ile TV kufuata kasi ya gemu, iwashe, PS5 wanayo tangu 2022, picha haikatiki katikati gemu ikilemewa. Kwako wewe LG C4, funga mjadala.

Binti Makorora
Mjadala haujafungwa. Sony.

Kijana wa Kwa Azizi Ally
Chanika.

Banda la Soweto
@Shemeji wa Tabata mnunulie mama kale ka inchi 32, mfungie chumbani, mwambie zawadi.

Shemeji wa Tabata
Nimempa mke wangu wazo hilo leo asubuhi. Kasema mama ataona amefukuzwa sebuleni.

Chuma cha Reli
Basi zoea mdhamini.

Mtoa mada
Jamani, kesho naenda dukani. LG au Samsung?

Fundi Kioo
Umeoa? Na mama mkwe anaishi mkoa gani?